Nani atambeba Mefiboshethi?

Masomo: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 17:27-29, 19:24-30, Kutoka 2:1-10, Matendo 6:1-7

Wapendwa katika Bwana, familia zote za kanisa letu hapa makazini Nakivale, na hasa ninyi mliotoka pamoja nasi Kabonga, Nyanza-Lac na Rumonge,

Neno tunalowaletea katika toleo hili limetokana na jambo lililotugusa sisi wenyewe, watumishi wenu. Tunaanza kwa kuungama, kwa maana mchungaji asiyeungama hana haki ya kufundisha.

Kuna mama mmoja wa kanisa letu, mtu wa kwetu pwani ya Tanganyika. Ana kijana wake mwenye miaka 29. Kijana huyu hatembei, hawezi kujigeuza kitandani, na chakula analishwa. Lakini akili yake ni nzima, na zaburi anazozijua kwa moyo ni nyingi kuliko zetu. Siku moja baada ya ibada mama alitujia mbele ya wazee akasema, "Mchungaji, naomba kuuliza. Mdogo wangu yuko Marekani. Anamtunza shemeji yake asiyejiweza, nyumbani kwao, na serikali inamlipa kwa kazi hiyo. Je, ni dhambi?" Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja akamjibu, "Dada, mtoto wa tumbo lako unataka kumtia bei?" Mama akainamisha kichwa, akaondoka.

Na sisi tulinyamaza. Hilo ni kosa letu la kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Baraza la wazee lilipoandika orodha ya nyumba zenye mzigo mzito, jina la mama huyu halikuandikwa. Tulisema, "Yeye ana binti wa kumsaidia." Binti huyo ana miaka 14. Tulikuja kujua baadaye kwamba aliacha shule muhula uliopita, kwa sababu mgongo wa mama umeharibika na kaka hawezi kuinuliwa na mtu mmoja. Tulimhesabu binti kuwa msaada, tukasahau kwamba ni mwanafunzi.

Tulipokwenda nyumbani kuomba msamaha, mama alitukaribisha vizuri, akatupa maji. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo hayajatutoka: "Mchungaji, mimi siombi kulipwa ili nimpende mtoto. Kila usiku namwomba Mungu jambo moja, kwamba mwanangu atangulie kufa, mimi nifuate. Maana nikitangulia mimi, nani atambeba?"

Wapendwa, mama anamwomba Mungu amzike mwanawe kwanza. Na si kwamba hampendi. Hajaona mtu mwingine yeyote, si kanisa, si serikali, atakayeshika mahali pake. Basi tumerudi kwenye Maandiko kutafuta jibu la swali lake, nasi tumelikuta katika nyumba ya mfalme Daudi.

1. Mefiboshethi alikuwa mtoto wa wakimbizi

Tunamfahamu Mefiboshethi kama mtu aliyekula mezani pa mfalme. Lakini Biblia inaanza habari yake mbali zaidi, katika 2 Samweli 4:4. Alikuwa na miaka mitano habari ya kuuawa kwa Sauli na Yonathani ilipofika nyumbani. Yaya wake alimnyakua akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, na tangu siku hiyo miguu yake yote miwili ikalemaa.

Yaya yule hakuwa mtu mbaya. Alikimbia kwa sababu alimpenda mtoto. Ulemavu ule haukutokana na laana wala dhambi ya wazazi, bali vita na kukimbia. Tunalisema hili wazi kwa sababu bado wako kati yetu wanaonong'ona kwamba nyumba yenye kilema ina neno lililofichwa.

Sisi tuliokimbia mwaka 2015 hatuhitaji kufafanuliwa habari hii. Kutoka Kabonga kwenda Kagunga, upande wa Tanzania, mtu alipita kwa mtumbwi au kwa miguu mlimani. Kijana wa mama huyu alibebwa kwa ingobyi, kama wazee wetu walivyokuwa wakiwabeba wagonjwa, vijana wanne wakipokezana na wengine wanne. Hakuna aliyewalipa, na hakuna aliyeuliza kabila. Mnakumbuka Kagunga: maelfu ya watu kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya mlima na ziwa, na mwezi Mei kipindupindu kikazuka. Mnakumbuka jinsi meli ya Liemba ilivyosimama majini, na ilivyobidi watu wapelekwe kwa mitumbwi hadi ubavuni mwake. Mwenye mikono na miguu alipata shida kupanda. Je, yule asiyeweza kushika kamba? Alipandishwa kwa mabega ya watu hadi Kigoma, kisha Nyarugusu, na wengine wetu baadaye tukaja mpaka huku Uganda.

Lakini angalieni: watu wanane walimbeba siku za hatari, na siku za amani akabaki na mama mmoja. Ingobyi ilibebwa na kijiji kizima. Kitanda tumemwachia mwanamke mmoja na mtoto wa shule.

2. Mfalme hakutuma gunia moja la chakula

Miaka ilipita. Mefiboshethi akakua, akawa mtu mzima, akaishi Lo-debari katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri. Daudi alipouliza kama amebaki yeyote wa nyumba ya Sauli apate kumfanyia wema kwa ajili ya Yonathani, akaambiwa habari zake.

Soma sura ya 9 polepole, uhesabu mambo aliyoyafanya mfalme. Alimrudishia mashamba yote ya babu yake. Akamwekea watu wa kuyalima: Siba pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, jumla watu 36, ili Mefiboshethi apate chakula. Akampa mahali mezani pake, tena kwa siku zote. Na Mefiboshethi akakaa Yerusalemu kama mtu mzima mwenye heshima, naye alikuwa na mwana mdogo jina lake Mika.

Daudi angeweza kutuma gunia la ngano Lo-debari, akahesabu kwamba ametenda wema. Angeweza pia kumfungia mahali pa wagonjwa, mbali na macho ya watu. Badala yake alitumia amri na mali ya ufalme ili mtu asiyeweza kutembea aishi katikati ya watu, na kazi ambayo miguu yake isingeweza ifanywe na wengine waliopangwa rasmi. Sura inamalizika kwa kurudia kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Meza ya mfalme haikumponya miguu, lakini ilimpa maisha na miguu ile ile.

3. Mambo haya yapo hata leo

Mdogo wake yule mama hakusema uongo. Huko Marekani kuna bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, inaitwa Medicaid, iliyoanzishwa mwaka 1965. Mwanzoni mtu mzima asiyejiweza alilipiwa zaidi akiwa ndani ya nyumba kubwa za kutunzia wagonjwa. Mwaka 1981 sheria ikaruhusu majimbo kulipia matunzo hayo nyumbani kwa mtu mwenyewe: kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa, kuinuliwa. Katika majimbo kama California na Minnesota, anayelipwa kwa kazi hiyo anaweza hata kuwa ndugu wa mgonjwa.

Hayo hayakuja bure. Kulikuwa na wanawake wawili wa jimbo la Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson. Madaktari wao walikubali kwamba wangeweza kuishi nje, katika jamii, lakini waliendelea kuwekwa hospitalini kwa kukosa huduma ya kuwasaidia nje. Walishtaki. Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kumtenga mtu mwenye ulemavu ndani ya taasisi pasipo sababu ni ubaguzi. Lois Curtis alitoka, akawa mchoraji wa picha, akaishi kati ya watu hadi alipofariki mwaka 2022.

Tusidhani ni mambo ya wazungu tu. Jirani zetu Kenya walianza mwaka 2011 mpango wa serikali wa kutoa fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yule anayehitaji mtu wa kumlisha na kumsaidia muda wote. Uko chini ya Inua Jamii, na kiasi chake kimekuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni kidogo, na mara nyingi huchelewa. Lakini kiliposemwa hivyo serikali ilikiri jambo kubwa: kwamba anayemtunza mtu huyo anafanya kazi, na kazi hiyo inamzuia kwenda shambani au sokoni.

Tena kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006. Kifungu cha 19 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuishi katika jamii, kuchagua anaishi wapi na nani, na kupata msaidizi wa kumwezesha. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi zimlinde wakati wa vita na maafa. Uganda iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na Burundi yetu mwaka 2014. Tarehe 10 Januari 2018 Burundi ikatunga pia sheria yake ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Tunajua karatasi si uji, na mtu halishwi kwa kifungu cha sheria. Lakini Mefiboshethi alipelekwa Yerusalemu kwa sababu ya agano kati ya Daudi na Yonathani lililofanywa zamani, ambalo mfalme alilikumbuka. Ahadi iliyoandikwa inaweza kudaiwa. Siku tutakaporudi Kabonga, tusirudi kama watu wasiojua kwamba kuna ahadi.

4. Je, ni dhambi kulipwa kwa kumtunza wa kwako?

Sasa tunakuja kwa swali la mama. Mzee wetu alimjibu kwa haraka, na wengi waliafiki kwa sababu wanalijua andiko la 1 Timotheo 5:8, linalosema kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Andiko hilo ni kweli, nasi hatulipunguzi. Lakini Paulo alikuwa akiwaonya wanaokwepa wajibu. Mama huyu hajakwepa. Ameubeba miaka 29. Kumpiga kwa andiko hilo ni kumpiga mtu aliyekwisha kulitimiza.

Tusome Kutoka sura ya 2. Musa alipookotwa kwenye kisafina, dada yake akamleta mama yao wa kuzaa. Binti Farao akamkabidhi mtoto amnyonyeshe, akaahidi kumpa mshahara. Mnaona? Mama alilipwa kwa fedha za nyumba ya Farao ili amlee mwana wa tumbo lake mwenyewe! Je, upendo wake ulipungua kwa mshahara ule? Je, Mungu alimkemea? Mwana yule ndiye aliyewatoa Israeli utumwani.

Tusome pia Luka 10:35. Msamaria mwema alimfunga majeruhi vidonda kwa mikono yake, kisha akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa itakayozidi. Bwana Yesu hakusema kwamba huruma ya Msamaria iliharibika alipotoa fedha. Alijua matunzo yana gharama, na mtu lazima aigharimie.

Wapendwa, jibu letu kwa mama ni hili: si dhambi. Fedha ile hainunui upendo. Inalipia shamba ambalo hukulilima, soko ambalo hukwenda, na sabuni iliyokwisha. Na inafanya jambo moja zaidi, ambalo ndilo kiini cha swali lako la usiku: kazi inayolipwa ina mtu wa kuirithi. Kazi ya upendo peke yake hufa na mama. Kazi iliyowekewa fungu inaweza kukabidhiwa mtu mwingine, na mtoto akaendelea kuishi.

5. Lakini mwangalieni Siba

Tusijidanganye. Habari ya Mefiboshethi ina upande wa uchungu. Daudi alipokimbia mbele ya Absalomu, Siba alimletea punda na vyakula, akamsingizia bwana wake kwamba amebaki Yerusalemu akitamani ufalme. Mfalme aliamini upande mmoja, akampa Siba mali yote. Baadaye, katika sura ya 19, Mefiboshethi akaja kumlaki mfalme, miguu yake haijatunzwa, ndevu hazijakatwa, nguo hazijafuliwa tangu mfalme alipoondoka. Wengi husoma hapo dalili za maombolezo, na ni sawa. Nasi tunaona pia mtu ambaye msaidizi wake amemwacha. Alitaka kupanda punda amfuate mfalme, na aliyepewa kazi ya kumsaidia akaenda na punda.

Siba hakufa. Mwaka 2025 jimbo la Minnesota lilifunga mpango mzima uliokuwa ukiwasaidia watu wenye ulemavu na wazee kupata nyumba na kukaa humo, kwa sababu watu walidai malipo kwa huduma ambazo hazikutolewa. Wezi walikula, na waliolala njaa ni Mefiboshethi. Kwa hiyo ninyi wenye ndugu huko nje, mnapoongea nao kwenye simu waambieni: saa ambazo hukufanya usiziandike. Na sisi hapa tusijitoe. Tumeona nyumba ambamo kadi ina jina la asiyejiweza, mgao unachukuliwa kwa jina lake, na yeye analala nyuma ya pazia wageni wakija. Huyo ni Siba mdogo.

Tena Daudi alikosea kwa sababu hakumwuliza Mefiboshethi mwenyewe kabla ya kuamua. Sisi nasi tulizoea kuongea juu ya kichwa cha kijana yule kana kwamba hayupo. Safari hii tulimwuliza, "Kijana wetu, wewe unataka nini?" Alitujibu mambo mawili. La kwanza: "Sitaki dada yangu aniogeshe. Mimi ni mwanamume, naye ni msichana anayekua. Sisi sote wawili tunaona haya." La pili: "Mkinileta kanisani msiniweke mlangoni kama baiskeli. Niwekeni na kwaya." Wazazi, hakuna aliyekuwa amefikiri hayo kwa miaka yote hiyo, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

6. Mpaka hazina ifike, tuanze nyumbani kwa Makiri

Tunajua mnachokisema moyoni: "Mchungaji, hapa si Marekani wala si Kenya." Ni kweli. Mwaka 2023 mgao wetu ulianza kutolewa kwa makundi, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa. Na wanaosubiri kuitwa Marekani, tuwaambie ukweli: Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na sheria iliyotiwa saini huko tarehe 4 Julai 2025 imepanga kwamba kuanzia Oktoba 2026 mkimbizi asiye na hati ya ukaaji wa kudumu hatakuwa na haki ya ile Medicaid. Hata meza ya mfalme huyo inapunguzwa viti. Tusimwambie mama asubiri ndege.

Lakini mkumbuke Makiri. Kabla mfalme hajauliza, Mefiboshethi alikuwa akila kwa nani? Kwa Makiri, mtu wa kawaida wa Lo-debari. Hakulipwa na mtu yeyote tunayemsoma. Na katika 2 Samweli 17, Daudi mwenyewe alipokuwa mkimbizi huko Mahanaimu, ni nani waliomletea vitanda, mabakuli, ngano na asali? Makiri ni mmoja wao. Aliyemtunza asiyejiweza akajua pia kumtunza mfalme aliyekimbia. Nyumba ya Makiri ndiyo kanisa.

Tena tuangalie Matendo sura ya 6. Wajane wa upande mmoja, waliosema lugha nyingine, walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakusema, "Tutawaombea." Waliliagiza kanisa lichague watu saba, wakatajwa kwa majina, wakakabidhiwa kazi. Huruma isiyo na orodha na zamu huishia kwenye salamu za mlangoni.

Kwa hiyo baraza limekaa, limeungama kosa lake mbele ya mama huyu, na limeamua haya, siyo kwake tu bali kwa kila nyumba ya namna hii:

Kwanza, mashemasi watapita kila kaya na daftari. Wataandika nani hajiwezi, nani anamtunza, anatunza saa ngapi, na kama kuna mtoto aliyeacha shule kwa ajili hiyo. Daftari hilo ndilo tutakalolipeleka kwa viongozi wa makazi na mashirika, ili mtunzaji naye aandikwe kuwa mwenye mahitaji, asiandikwe mgonjwa peke yake. Msiwafiche. Aliyefichwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapewi.

Pili, vijana wa kiume wa kwaya watakwenda wawili wawili, asubuhi na jioni, kumwinua kijana na kumwogesha. Wasiinue peke yao, mgongo hauna akiba. Muuguzi wa kanisa letu atawafundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, maana anayelala upande mmoja muda mrefu hupata vidonda, na vidonda hivyo huua. Kwa usiku, jirani wamekubali kupeana zamu.

Tatu, kila Alhamisi kikundi cha akina mama kitalima shamba la mama huyu. Daudi aliweka watu 36 katika shamba la Mefiboshethi. Sisi tumeanza na saba.

Nne, binti amerudi shuleni Jumatatu iliyopita. Mzee aliyemjibu mama yake vibaya siku ile ndiye aliyenunua madaftari. Bwana asifiwe kwa hilo.

Hatusemi kwamba tumemaliza. Vijana wa kwaya wataoa, wengine watahama, Alhamisi ya mvua watu watapungua. Zamu ya kanisa haitoshi kwa maisha ya mtu mzima, na ndiyo maana hatuachi kuomba na kudai kwamba serikali zilizotia saini zifanye sehemu yao. Hatuoni kwamba moja linafuta lingine. Mefiboshethi alimhitaji Makiri, na alimhitaji Daudi pia.

Jumapili iliyopita kijana aliketi na kwaya, sauti ya pili. Mama alikaa kiti cha nyuma, mikono yake haina kitu cha kushika kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Baada ya ibada tulimwuliza, "Mama, ombi lile bado unaliomba?" Akasema, "Bado, Mchungaji. Lakini jana nilisahau, nikalala."

Tunawaomba ninyi nyote mlichukue ombi lile kutoka mabegani mwake. Tuishi kwa namna ambayo hakuna mama wa kanisa hili atakayeona kifo cha mwanawe kuwa ndiyo usalama wake.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemkumbuka Mefiboshethi katika Lo-debari, utusamehe tuliowaacha wenzetu baada ya kuvuka. Wape nguvu wanaoinua, uwape heshima wanaoinuliwa. Uwafungue macho wenye mamlaka walikumbuke agano lao. Utufanye nyumba ya Makiri mpaka siku utakapotuketisha sote mezani pako. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Maswali ya kujadili katika ibada za nyumba kwa nyumba:

1. Katika mtaa wenu ni nani hajaonekana kanisani mwaka huu kwa kukosa wa kumbeba?
2. Je, mmemwuliza mwenyewe anataka nini?
3. Ni mtoto gani ameacha shule ili atunze mtu mzima, na nani atachukua zamu yake kuanzia wiki hii?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Ni sisi watumishi wenu katika shamba la Bwana.